Puti au Bati?

Fundi aliniuliza swali la maneno matatu, nami nikachukua siku nne kulijibu. "Puti au bati?" Alikuwa amechutama ubavuni mwa gari la marehemu baba, bisibisi mkononi. Alikuwa ameisukuma kwa kidole kimoja tu, ikazama mpaka kwenye mpini, chini ya mlango wa dereva, mahali ambapo kwa macho palikuwa na rangi nzuri ya kijani isiyo hata mkwaruzo. Alipoichomoa ilitoka na unga mwekundu. Nilikuwa nimelipeleka gari lile kwake nikidhani lina vijitundu viwili vitatu vya kuzibwa, kisha lipigwe rangi. Kumbe nilichokuwa nikikitazama ni rangi iliyosimama peke yake. Chuma kilichokuwa nyuma yake kilishaondoka zamani, wala hakikuaga.

Naomba msomaji anivumilie nikieleza swali lile, kwani kwa asiyefika gereji huenda likaonekana ni dogo. Kutu ikishakula bati la gari, njia za kulitengeneza ni mbili. Ya kwanza ni puti: unalijaza tundu kwa kitambaa, wavu au chochote kitakachoshika, unapaka puti juu yake, unangoja ikauke, unasugua msasa mpaka iwe laini kama shavu la mtoto, unapiga rangi. Kazi ya siku mbili. Ya pili ni bati: unakata chuma kibovu chote mpaka ufike kwenye chuma kizima, unaunda kipande kipya kwa mkono, unakichomelea mahali pake. Kazi ya wiki tatu, na gharama yake, kwa hesabu ya fundi wangu, ni mara tano ya ile ya kwanza. Siku ya kukabidhiwa, magari yote mawili yatang'ara sawasawa. Hapo ndipo ulipo mtihani: mwenye kuangalia hawezi kuitofautisha kazi ya kweli na kazi ya hadaa, na mwenye kujua ni wawili tu, fundi na mwenye gari.

Nasi tulikuwa tunaliuza. Warithi tulikuwa watatu, mimi, dada yetu na mdogo wetu wa kiume, na mnunuzi alikwishapatikana: bwana mmoja mwenye kukodisha magari ya kale kwa ajili ya maharusi. Alilipenda gari kwa umbo lake, akataja bei, tukakubaliana. Alichotaka ni lipakwe rangi upya tu. Mdogo wangu, aliyekuwa na ada za watoto mezani, aliniambia kwa upole: "Kaka, yeye mwenyewe kataka rangi. Mpe rangi."

Lau gari lingekuwa la aina nyingine, pengine jibu lingekuwa jepesi zaidi. Chukua Land Rover, tuliyoizoea sana katika nchi zetu. Hiyo ilitoka Uingereza mwaka 1948, wakati chuma kilikuwa adimu baada ya vita, na kwa sababu hiyo bodi yake ikafanywa kwa mabati ya aluminiamu yaliyofungwa juu ya chesisi ya chuma. Unaweza kuivua mabati mengi kama unavyomvua mtu kanzu, na mifupa yake ikabaki imesimama. Lakini gari la baba lilikuwa Morris Minor. Nalo lilitolewa mwaka huo huo wa 1948, kwa ubunifu wa Alec Issigonis, likaendelea kuundwa mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1970, na idadi yake ikapita milioni 1.6. Gari hili halina chesisi ya kujitegemea. Bodi ndiyo mifupa. Sakafu, kuta, na vile vizingiti vilivyo chini ya milango vimechomelewa pamoja, na nguvu yote hutokana na namna bati jembamba lilivyokunjwa. Karatasi bapa haiwezi kusimama. Ikunje iwe mrija, itabeba kitabu. Kizingiti cha Morris Minor ni mrija wa namna hiyo. Kikishaoza, gari hubebwa na mazoea tu. Likigongwa ubavuni, kati ya abiria na kilicholigonga huwa hapana kitu ila rangi ya kijani.

Basi swali la fundi halikuwa la urembo. Lilikuwa swali la bibi harusi atakayekaa kiti cha nyuma, ambaye mimi simjui wala yeye hanijui.

Nataka kuitendea puti haki yake. Puti si haramu. Ni nadra kumpata fundi bodi, hata awe hodari vipi, anayemaliza kazi bila ya utando mwembamba wa puti juu ya bati lililonyooshwa. Kabla ya puti za kisasa mafundi walitumia risasi iliyoyeyushwa kwa kazi hiyo hiyo. Fundi wangu alinipa kanuni yake kwa sentensi moja: "Mwanangu, puti kazi yake kusawazisha, si kubeba." Ukiipaka juu ya chuma kizima, itadumu maisha. Ukiipaka juu ya tundu, unyevunyevu utaingia kwa nyuma, utakaa kati ya puti na kutu, na kwetu huku kwenye upepo wa chumvi kazi yake haichukui muda. Rangi hufura kama lengelenge, kisha kipande kizima hudondoka barabarani. Kikulacho ki nguoni mwako. Na aliyekivika nguo ni wewe mwenyewe.

Kiswahili kina neno lake kwa jambo hili, nalo ni kughushi. Tumelipokea kutoka Kiarabu, na wafanyabiashara wa mwambao wanakijua kisa kinachoandamana nalo: Mtume, rehema na amani zimshukie, alipita sokoni penye rundo la nafaka, akatia mkono ndani, vidole vikagusa maji. Mwenye nafaka akajitetea kuwa ni mvua. Hakulaumiwa kwa mvua. Alilaumiwa kwa kuiweka nafaka iliyolowa chini na kavu juu. Nimekisikia kisa hicho tangu utotoni, na kwa miaka mingi nilidhani kinahusu nafaka. Kinahusu mpangilio: kipi kimewekwa mahali pa kuonekana, na kipi kimewekwa mahali pa kufichika.

Najua majibu yanayotolewa. Kwanza, mnunuzi ana macho, na akija na sumaku iliyofungwa kitambaa akaipitisha ubavuni, itamwambia palipo na chuma na pasipo na chuma. Ni kweli, lakini haki ya mtu haipungui kwa kuwa hakuja na sumaku. Pili, kila mtu anafanya hivyo. Hilo ni kweli nusu, na nusu hiyo ndiyo inayotufanya sote tununue kwa wasiwasi. Tatu, na hili ndilo lililonisumbua, si mimi niliyeyaficha maovu yale; nimeyakuta. Je, aliyerithi siri ana deni nayo?

Siku ya tano nilimwambia fundi akate.

Alianza kwa tindo na nyundo, kwa kuwa hakutaka kutumia moto kabla hajajua kilichomo. Akavua rangi. Chini ya rangi ikatoka puti, nene kama kidole. Chini ya puti kikatoka kipande cha gunia. Na ndani kabisa, katika uwazi wa kizingiti, tukaikuta saruji. Mtu alikuwa amechanganya saruji na mchanga, akaishindilia humo kama anayeziba ufa wa ukuta. Fundi akacheka, kisha aliponitazama usoni akanyamaza. Gari lile halikuwahi kuwa na mwenyewe mwingine tangu mimi nizaliwe. Aliyefanya vile, au aliyeamuru vifanyike, ni baba yangu.

Nilikaa juu ya tairi kuukuu nikafikiri. Baba alikuwa mtu aliyerudisha chenji iliyozidi hata ikiwa ni ya senti. Nilijaribu kukadiria ni lini, nikafikia miaka ya mwanzo ya 1980, tulipokuwa tukipanga foleni ya sukari na sabuni, na bati la chuma lilikuwa kitu cha kusimuliwa. Saruji aliipata pengine kwa kujinyima. Hakuwa anauza gari. Alikuwa anataka lifike kazini kesho. Na yeye alijua kilichomo, kwa hiyo alikuwa akiendesha polepole. Sisi watoto tulimcheka kwa mwendo ule, tukidhani ni uoga. Kwake yeye, basi, ile haikuwa hadaa. Ilikuwa ni subira.

Lakini hakutwambia. Akafa na habari ile. Na pale ilipotoka mikononi mwa aliyejua ikaingia mikononi mwa wasiojua, subira ikageuka hatari. Hapa ndipo nilipolipata jibu la swali lililonisumbua. Kiraka hakina dhambi. Kila kitu kinachodumu kina viraka. Kinachokigeuza kiraka kuwa uongo ni ukimya, na ukimya huo huiva baada ya aliyekipachika kuondoka. Kwa hiyo ndiyo, aliyerithi siri ana deni nayo tangu saa aliyoijua. Hana deni la kuwa imetendeka. Ana deni la kuisema.

Kazi yenyewe niliitazama kwa wiki tatu, na sijutii hata siku moja niliyoikosa meza yangu. Fundi alikata kigezo kwa boksi la karatasi ngumu, akakijaribisha, akakipunguza, akakijaribisha tena. Kisha akachukua bati la pipa la mafuta, lililokwisha oshwa na kunyooshwa, unene wake kama milimita moja, akalichora kwa kufuata kigezo, akalikata kwa mkasi wa bati. Mikunjo aliipiga juu ya ukingo wa reli ya chuma, pigo moja baada ya jingine, asiikunje kwa mara moja. Kwenye mviringo alishika fuawe ndogo ya mkono upande wa ndani na nyundo upande wa nje, na niligundua kuwa hakuwa akipiga kwa nguvu; alikuwa akisikiliza. Bati likipigwa kati ya nyundo na fuawe hutanuka, na likitanuka kupita kiasi hulegea, likawa linabonyea na kurudi kama kifuniko cha kopo. Dawa yake ni kulipasha doa dogo mpaka liwe jekundu, kisha kulipoza kwa kitambaa kilicholowa, likajivuta. Hata kuchomelea hakukwenda kwa mstari. Alitia doa huku, doa kule, akiruka mbali na mahali penye joto, kwa kuwa joto likikusanyika mahali pamoja bati zima hupinda. Kabla ya kukata alikuwa ameweka nguzo ya chuma ndani ya uwazi wa mlango, ili gari lisijikunje likiwa halina kizingiti. Nilimwuliza kwa nini asiharakishe. Akasema chuma kina kumbukumbu.

Vipande vilivyotolewa vilijaa karai mbili. Nilipovitazama, na kutazama upande wa pili wa gari ambao nao ulikuwa ukingoja zamu yake, swali la zamani lilinijia. Je, hili bado ni gari la baba?

Plutarch anasimulia kuwa watu wa Athens waliihifadhi merikebu ya Theseus, yenye makasia thelathini, wakibadilisha kila ubao uliooza kwa ubao mzima, mpaka ikawa ni mfano wa wanafalsafa kubishania: wengine wakasema ni ile ile, wengine wakasema siyo. Thomas Hobbes, katika karne ya 17, aliongeza ukali: je, mtu angeziokota mbao zote zilizotupwa akaziunganisha upya, merikebu ya Theseus ingekuwa ipi kati ya mbili? Nimewahi kudhani kuwa hayo ni maswali ya watu wasio na kazi. Lakini mwaka 1990 mahakama moja ya London ililazimika kuyajibu kwa ajili ya gari. Lilikuwa Bentley liitwalo Old Number One, lililoshinda mashindano ya Le Mans mwaka 1929 na 1930. Mwaka 1932 lilipata ajali huko Brooklands iliyomuua dereva wake, kisha likaundwa upya. Lilipouzwa kwa pauni milioni 10, mnunuzi alikataa kulipa, akidai kuwa vyuma vilivyoshinda vile vikombe havimo tena. Na kweli, vilivyobaki vilikuwa vichache. Hata hivyo jaji aliamua kuwa gari ni lile. Hakusema kuwa halijabadilika. Alichoangalia ni kuwa halikuwahi kukoma kuwapo: lilibadilika hatua kwa hatua, kila hatua ikijulikana, wala hapakuwa na gari jingine duniani lenye kuweza kudai jina lile.

Mimi si mwanasheria, wala falsafa sikuisomea darasani. Nilichonacho nimekiokota vitabuni, kimoja kimoja. Lakini naona hoja ile ya jaji imesimama juu ya kitu kimoja ambacho wanaobishania merikebu hawakitaji mara nyingi, nacho ni ushahidi. Mfululizo usiojulikana haumsaidii mtu. Gari hubaki lile lile iwapo yupo mwenye kuweza kusema: hiki kilitoka mwaka fulani, hiki kikaingia mahali pake. Pasipo habari hiyo, kipande kipya hakirithi cha zamani, kinakipora.

Wenye kuhifadhi majengo walilifikia jambo hili mapema. Hati ya Venice ya mwaka 1964 inataka sehemu mpya ilingane na jengo zima, na papo hapo iweze kutofautishwa na ya asili, ili ukarabati usiughushi ushahidi wa historia. Sisi wa visiwani hatuhitaji kwenda mbali kutafuta mfano. Kuta za Mji Mkongwe ni za mawe na chokaa, na chokaa hupumua. Anayekuja kuzipiga plasta ya saruji huzipa uso mgumu na mzuri, na maji yaliyofungiwa ndani huendelea na kazi yake bila ya kuonekana. Tarehe 25 Disemba 2020, sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa mwaka 1883, iliporomoka, na watu wawili wakafariki. Sitaki kulifanya janga lile kuwa hoja yangu. Sababu za jumba kubwa kuanguka huwa nyingi. Nasema tu kuwa tokea siku ile nimeshindwa kuutazama ukuta uliopakwa rangi mpya bila ya kujiuliza nyuma yake mna nini.

Sasa nifike kwenye kizingiti changu mwenyewe. Mfasiri ni fundi bodi. Anaondoa maneno yote, moja baada ya jingine, asibakishe hata moja, kisha anadai kuwa shairi ni lile lile. Dai hilo naliamini, kwa hoja ile ile ya jaji: kila neno jipya linajua limechukua nafasi ya lipi. Lakini katika kitabu kimoja nilichofasiri miaka mingi iliyopita, upo mstari ambao sikuuelewa. Nilitafuta katika kamusi nilizokuwa nazo, nikauliza niliowajua, sikupata. Na siku ya kukabidhi mswada ilikuwa imefika. Nikatunga mstari wangu, wenye vina na mizani barabara, nikaupachika. Wasomaji wawili walioniandikia kukisifu kitabu walidondoa mstari huo huo. Nilipokea sifa. Ile ilikuwa puti, na haikuwa ya kusawazisha. Ilikuwa ya kubeba.

Mwalimu Nyerere alifasiri tamthilia ya Shakespeare akaitoa mwaka 1963 kwa jina la Julius Caezar. Mwaka 1969 aliirudia, akairekebisha, hata jina likawa Juliasi Kaizari. Alikuwa rais wa nchi; angeweza kuuacha ubovu wowote ukae chini ya rangi, na nani angemwendea na sumaku? Mfano huo nimekuwa nikiwatajia vijana wanaonijia kuomba ushauri. Sikuwa nikiwatajia ule mstari wangu.

Gari liliuzwa. Nilimwita mnunuzi kabla halijapigwa rangi, nikamwonyesha mishono ya kuchomelea ikiwa mitupu, na karai mbili za vipande, na daftari nililoandika kila kilichotolewa na kilichoingia. Fundi aliuacha upande wa chini na rangi ya kuzuia kutu tu, ili atakayeinama siku yoyote auone mshono. Mnunuzi alizunguka mara mbili, akanishukuru, kisha akapunguza bei. Alisema alidhani anaponunua gari la kale ananunua chuma cha kale.

Hapo ndipo mdogo wangu aliponiambia neno ambalo sijalipatia jibu kamili. "Kaka, ukweli wako nimeulipia mimi." Alikuwa sahihi. Ni rahisi kuwa mwaminifu kwa fungu la mwenzako. Nilimfidia kutoka katika fungu langu, na gharama za fundi nikazibeba mwenyewe, si kwa ukarimu bali kwa kuwa niliona hivyo ndivyo hesabu inavyotaka: anayechagua bati ndiye anunuaye bati. Dada yetu hakusema kitu. Aliliomba lile daftari, akalinakili kwa mkono wake kabla halijaondoka na gari.

Na ule mstari? Kitabu hakijachapwa upya, huenda kisichapwe. Nimeshaupata ufahamu wa maneno yale sasa; yalikuwa mepesi, na yalisema kinyume cha nilichokitunga. Nimemwandikia mchapishaji. Ikiwa msomaji anacho kitabu hicho na ungependa kujua ni mstari upi, niandikie kupitia jarida hili, nami nitakuonyesha mahali pa kusukuma bisibisi.